Kilo Saba za Chumvi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo alfajiri, na mimi nimeanza kuandika. Daftari hili kanipa binti yangu, yule injinia wa kompyuta. Kama kuna mtu mtaani hapa ambaye bado hajui kuwa binti yangu ni injinia wa kompyuta, basi mtu huyo hajawahi kuleta nguo kwangu kushonwa.

Ofisini kwao dari linavuja juu ya meza, wameambiwa kila mtu akafanyie kazi kwake mpaka masika yaishe. Sebule imegawanywa. Dirishani cherehani yangu na sare za shule ninazoshona, upande wa pili meza yake na ukuta mzima mweupe, ambao kaniambia nisiuguse.

"Andika, Mama," kasema, "upate kazi ya kufanya badala ya kunichungulia."

Mimi simchungulii mtu. Natazama tu.

Jumanne, 4 Machi

Mvua.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimemuuliza waziwazi anafanya nini, maana shoga yangu wa mlango wa pili ananiuliza kila siku nami nachoka kujibu "mambo makubwa".

Kumbe ni hivi. Kuna kiwanda cha mikate. Mashine zao za kukandia unga zinaendeshwa na programu ya zamani sana, aliyeiandika alishastaafu. Programu yenyewe imeshageuzwa lugha ya mashine, mtu hawezi kuifungua akaisoma. Ni kama gauni lililokwisha kushonwa na bitana juu, mishono yote iko ndani. Vijana wa kiwandani wa sasa wanataka kuziamrisha mashine kwa lugha nyepesi ya skripti, mistari miwili mitatu, kazi imekwisha. Binti yangu anajenga daraja kati ya hiyo nyepesi na ile kongwe.

"Ugumu uko wapi?" nikamuuliza.

"Ugumu ni kwamba ile ya zamani ina amri nyingi zenye jina moja. Mteja akikwambia 'punguza', Mama, unafanya nini?"

"Inategemea kaleta nini. Suruali napunguza kiuno, pazia napunguza urefu."

"Basi ndiyo hivyo. Kuna amri inaitwa 'mimina'. Ukiipa namba kamili, tuseme saba, inakwenda kwenye jedwali la viwango, inachukua kiwango cha saba. Ukiipa namba yenye nukta, inamimina kilo hizo hizo ulizotaja. Ukiipa maandishi, inatafuta jina la mkate. Jina moja, milango mitatu. Sasa lugha nyepesi haisemi mapema inaleta nini. Daraja langu linagonga mlango mmoja mmoja kutoka juu kwenda chini, na wa kwanza kukubali ndio huo."

"Sasa si kila mmoja atakubali wa kwake?"

"Hapo ndipo penye kazi. Mlango wa nukta hauna haya, unapokea hata namba kamili. Ukiuweka juu, ule wa namba kamili hautagongwa maisha. Kwa hiyo mpangilio ndio kila kitu."

Kila mlango kauandikia kadi yake, kadi arobaini na moja, kazibandika ukutani kwa mafungu, juu kwenda chini. Nimeyaandika yote haya ili nikamkoge nayo shoga yangu vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemkoga. Kaishia kusema "haya bwana".

Jumatano, 12 Machi

Leo kaja mtu. Mwenzake wa kazini, kijana mrefu mwenye koti la mvua la kijivu. Kasema "Shikamoo, Mama," nikaitikia marahaba kwa nusu mdomo, kwa sababu lile koti hakulivua. Kakaa saa nne nzima ndani ya nyumba ya watu, mikono kaibana kifuani, maji yanamchuruzika kwenye sakafu yangu. Nikamwambia, "Mwanangu, litundike pale likauke." Kasema, "Niko sawa hivi hivi, Mama." Mtu asiyevua koti ana anachoficha. Nimempa jina Bwana Koti.

Kasimama mbele ya ukuta muda mrefu, kichwa upande, kama anayechagua kitambaa.

"Hizi zote kazipanga mwenyewe?" kaniuliza, binti yangu akiwa jikoni.

"Kwani ulidhani nani, mimi?" nikamjibu. "Binti yangu hapangiwi kazi na mtu."

Kacheka. Sikuona cha kuchekesha.

Alipoondoka nimehesabu vijiko. Sita. Vyote vipo.

Ijumaa, 14 Machi

Kaja tena. Kala, kasifu, kaondoka. Vijiko sita.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimesikia kwa masikio yangu. Bwana Koti alitoka barazani kupokea simu, na mimi nilikuwa natoa ndoo zikinge maji, si kwamba nilimfuata. Alikuwa anasema, "Wote wawili tuko kwa majaribio. Masika yakiisha nafasi inabaki moja. Ndiyo. Moja tu."

Alivyogeuka akaniona na ndoo. "Pole na kazi, Mama." Nikajitia hamnazo.

Binti yangu hakuwahi kuniambia kuwa nafasi ni moja. Nilipomuuliza, kasema, "Usianze, Mama."

Sijaanza. Ila sasa nimejua yule anakuja kutafuta nini ukutani kwangu.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua bila kupumzika. Sare hazikauki baada ya kupigwa pasi ya maji. Shoga yangu kasema wezi wa siku hizi hawaibi vitu, wanaiba akili ya mtu ikiwa bado ya moto. Nimemwambia hilo nilishaliona zamani.

Alhamisi, 27 Machi

Binti yangu kashinda kiwandani. Unyevu umelegeza karatasi za gundi, kadi kama tisa zimeanguka. Nimezirudisha kwa gundi yangu ya kubandikia pateni za nguo, kubwa juu, ndogo chini, ukuta sasa unapendeza. Bwana Koti kanikuta na gundi mkononi, kauliza, "Mama, unahamia ukutani?" Nikamwambia shughuli za nyumba hazimhusu. Vijiko sita.

Ijumaa, 28 Machi

Binti yangu kaamka na homa kali. Tumetoka zahanati, kapewa dawa, kaambiwa asiguse kazi wiki nzima. Kalala mpaka jioni. Mimi mtoto huyu nikimwona kalala mchana roho inanitoka.

Mchana huo huo Bwana Koti kaja. Kasema atamalizia yeye, kiwanda kinasubiri. Nikasimama mlangoni na mkasi wa kukatia vitambaa, sikuwa na nia mbaya, nilikuwa nimeushika tu. Katoa simu akaanza kupiga picha ukuta, kadi moja baada ya nyingine, juu mpaka chini.

"Unafanya nini?"

"Nanakili, Mama. Nitaandika kama ilivyo hapa."

"Kama ilivyo hapa," nikarudia, ili ajue nimesikia.

Jumatano, 2 Aprili

Homa imepungua. Kanywa uji. Namshukuru Mungu.

Jumatatu, 7 Aprili

Bwana Koti kapeleka kazi kiwandani na jina lake limeandikwa juu ya barua, la binti yangu chini. Nimeiona barua yenyewe kwenye simu. Binti yangu anasema majina yamepangwa tu, jambo hilo halina maana. Lina maana. Mimi sikwenda shule zaidi ya ya msingi, lakini juu na chini navijua.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo mkate wa asubuhi ulikuwa chumvi tupu.

Siyo chumvi ya kusema mpishi kateleza mkono. Nilitafuna mara moja nikakimbilia mlangoni kutema. Shoga yangu naye katoka mlango wake anatema. Tukatazamana na mvua ile, vinywa wazi, kama watu wawili waliokula njama. Mpaka saa nne mtaa mzima unarudisha mikate dukani, muuza duka anaapa kuwa hakuitia yeye.

Binti yangu kaonja kipande. Nikauona uso wake unabadilika rangi. Kaenda ukutani, kasimama mbele ya fungu la "mimina", kaweka kidole kwenye kadi ya juu.

"Nukta," kasema polepole. "Nukta iko juu."

"Ina maana gani?"

"Waliiamuru imimine chumvi kiwango cha saba, ambacho ni kilo moja na robo. Mlango wa nukta ukaichukua kama namba ya kilo. Imemimina kilo saba." Kageuka. "Mama, mimi sikuzipanga hivi. Naapa. Namba kamili ilikuwa juu."

"Yule wa koti," nikasema. "Alisimama hapo peke yake siku unaumwa. Nilimwona na macho haya."

Siku zote nikimsema yule kijana hunikatiza. Leo hakunikatiza.

"Na wewe hukuzigusa?"

"Zilianguka chache na unyevu, nikazirudisha vilevile zilivyokuwa. Mkono wangu haukosei mshono miaka thelathini, utakosea karatasi?"

Akaamini. Nami niliamini, ndiyo ukweli.

Jumatatu, 14 Aprili

Wameitwa ofisini wote wawili. Binti yangu karudi jioni viatu vimeloa, kakaa bila kuvivua, kanisimulia.

Kiwandani mashine mbili zimesimamishwa na unga wa siku nzima umemwagwa. Meneja wao, mama mmoja asiyepandisha sauti, kauliza nani kaweka mpangilio ule. Bwana Koti katoa simu, kaonyesha picha, kasema, "Ukutani palikuwa hivi. Niliandika palivyokuwa."

Binti yangu kasema, "Sivyo nilivyopaacha."

Meneja kasema, "Basi mmoja wenu anasema uongo, na picha ilipigwa na mmoja wenu."

Bwana Koti kaulizwa kama ana la kuongeza. Binti yangu anasema alifungua mdomo, akamtazama, akaufunga. Kisha akasema tena, "Ukutani palikuwa hivi." Basi.

Kwa kuwa kazi ilikwenda kwa jina lake juu, Ijumaa anapewa barua ya kuondoka. Nafasi ni ya binti yangu.

Nikapiga kigelegele kimoja kifupi. Binti yangu hakuinua kichwa.

"Mbona hufurahi?"

"Nimefurahi, Mama."

Jumanne, 15 Aprili

Nimewaambia wateja watatu. Mmoja kanipa hongera mara mbili.

Jumatano, 16 Aprili

Leo nilitaka kumsomea shoga yangu jinsi nilivyomshuku yule kijana tangu siku ya kwanza, aone mimi siyo mtu wa kubahatisha. Nikafungua daftari mbele yake, nikaanza. Koti. Vijiko. Simu barazani. Anaitikia, "Ehe! Ehe!" Nikafika tarehe ishirini na saba Machi. Nikasoma kwa sauti, "kubwa juu, ndogo chini, ukuta sasa unapendeza."

Nikalifunga daftari.

"Endelea, shoga," kasema.

Nikamwambia pasi inaunguza nguo ndani. Pasi haikuwa hata kwenye umeme.

Nimefunga mlango, nimesimama mbele ya ukuta ule. Kadi ya nukta ni kubwa kwa sababu ina maelezo mengi, kaiandika kwa mistari sita. Ya namba kamili ni ndogo, mistari miwili. Nimeipa kubwa nafasi ya juu kama ninavyopanga vitambaa kwenye rafu. Hata gundi ni yangu, inang'aa pembeni kwenye zile tisa, zile zingine zina karatasi yake yenye kunata. Mtu mwenye macho angeona siku ile ile. Mimi mwenye macho ya kuhesabu vijiko sikuona.

Wala siwezi kusema sikuambiwa. Niliandika mwenyewe tarehe sita, kwa mkono huu, kuwa mpangilio ndio kila kitu. Niliandika ili nikamkoge mtu.

Halafu kuna lile lingine. Alinikuta na gundi mkononi. Yule kijana aliniona! Jumatatu mbele ya Meneja alipofungua mdomo, alikuwa anajua.

Nimelishika hili jani la tarehe ishirini na saba kwa vidole viwili. Ni mistari mitano tu. Nikilichana, daftari halitapungua uzito, mwanangu atakuwa na kazi ya kudumu, na aliyeondoka kaondoka. Mvua inagonga bati kama mtu anayetaka kuingia. Nimekaa na jani vidoleni mpaka binti yangu kaniita tule.

Sikulichana. Wala sikumwambia.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeshona sare nne, mbili nimezifumua.

Binti yangu kaniuliza naumwa wapi. Nikamwambia mgongo.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimevaa gauni langu la kitenge la kwenda harusini, daftari nimelifunga ndani ya mfuko wa plastiki, nikaenda ofisini kwao kwa miguu yangu. Sijawahi kufika. Ghorofa ya pili, ndoo tano chini ya dari, hata mimi nyumbani nina tatu tu.

Karani wa mapokezi kasema, "Mama, huku hatupokei mgeni bila miadi."

"Mimi siyo mgeni," nikamwambia. "Mimi ndiye ile chumvi."

Wameniingiza. Meneja mezani, Bwana Koti kakaa mbele yake, bahasha iko katikati. Binti yangu kaitwa kutia sahihi, kasimama dirishani. Aliponiona akasema, "Mama!" kwa ile sauti ya mtoto aliyefuatwa shuleni.

Nikafungua daftari, sikusalimia hata. Nikasoma tarehe ishirini na saba Machi kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Lile la vijiko nilitaka kuliruka, lakini nikaona nikiruka kimoja watasema nimeruka na vingine. Nikasoma na vijiko.

Ndoo moja ilikuwa inadondokewa, tone, tone.

"Nani alikutuma uzipange?" Meneja kauliza.

"Hakuna. Nilitaka ukuta upendeze."

"Yaani mashine mbili zimesimama kwa sababu ya mama na gundi."

"Gundi nzuri," nikasema. "Mpaka leo hazijaanguka."

Imenitoka tu. Binti yangu kafunika uso. Lakini Meneja nilimwona kageukia ukutani, mabega yanamtetemeka, na aliporudi uso ulikuwa mkavu tena. Kachukua ile bahasha, kaitia kwenye droo.

Kisha akawapa haki yao wote. Binti yangu kaulizwa kwa nini kazi ya kiwanda ilining'inia sebuleni bila hata namba kwenye kadi. Bwana Koti kaulizwa kwa nini alijaribu kilo na majina ya mikate, asijaribu namba kamili hata moja. Uamuzi ni kuwa nafasi haitolewi kwa yeyote. Majaribio yanaendelea kwa wote wawili mpaka mwisho wa mwaka, na daraja wataliandika upya pamoja, kila mlango na jaribio lake.

Kwenye ngazi nikamkabili yule kijana. "Uliniona na gundi. Kwa nini hukusema?"

Kanitazama. "Ningesema, ungekubali, Mama?"

Nikafikiri. "Nisingekubali."

"Na yeye angemwamini nani?"

"Mimi."

"Haya basi," kasema, akafunga vifungo vya lile koti.

Jumamosi, 19 Aprili

Binti yangu hasemi na mimi. Sahani kaiosha yake tu.

Jumapili, 20 Aprili

Leo kasema. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano, inanishinda. Kanichukulia, kautia yeye.

"Ungeniambia kwanza, Mama."

"Ningekuambia kwanza, ungeniruhusu kwenda?"

"Nisingekuruhusu," kasema. Akalia, nami nikalia, kisha tukamalizia sare.

Jumatatu, 28 Aprili

Shoga yangu nimemweleza yote. Kasema yeye alihisi tangu ile pasi. Mwongo.

Ijumaa, 9 Mei

Jua la kwanza kamili. Sare zote ziko kambani, mtaa mzima unanuka sabuni. Jumatatu wanarudi ofisini, dari limezibwa.

Bwana Koti kaja kuzibandua kadi. Sasa kila kadi ina namba. Nimeziandika mimi kwa chaki ya kushonea, binti yangu akinisomea, moja, mbili, tatu, na namba kamili juu. Waliijaribu "mimina" kwa saba mbele yangu, kompyuta ikajibu kilo moja na robo. Wakaipa saba yenye nukta, ikajibu kilo saba. Nikawaambia warudie. Wakarudia. Binti yangu ana akili, na huyu mwenzake naye hajambo.

Joto likamzidi kijana, kalivua koti. Kumbe shati limefumuka kwapani mpaka mbavuni, na miezi yote hii kalikalia! Kaona ninavyotazama, kaubana mkono kifuani, ule ule mbano wa Machi.

"Lete hapa," nikamwambia.

"Aa, Mama, usijali."

"Nimesema lete. Unataka watu waseme uliingia nyumba ya fundi ukatoka umechanika?"

Kakaa na fulana, kanywa chai, mimi nikapitisha mshono mara mbili, mshono ambao hautafumuka mpaka aoe. Kauliza kama kweli nimeandika kila siku aliyokuja. Nikampa daftari asome mwenyewe. Kasoma, kafika kwenye vijiko, kacheka mpaka chai ikampalia, binti yangu akawa anampiga mgongoni.

Alipoondoka sikuhesabu vijiko. Nilivitupia jicho tu, mara moja, nikipita.